Bwakeye ya Jioni

Kama umekuja kucheka, cheka sasa umalize. Wenzangu wa ofisi ya walimu walishacheka kabla yako, na hawakunipunguzia kitu. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, na mpaka leo nikilisimulia hasira zinanipanda.

Nilikuwa mwalimu Kigoma, nimepangiwa huko kutoka Tukuyu, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kila kukicha. Likizo ilipofika nikaamua kurudi nyumbani kwa baiskeli, peke yangu, nikilifuata ziwa kwenda kusini. Treni ilikuwepo, najua. Lakini baba yangu, ndiye aliyenifundisha kuendesha, macho yalikuwa yanamwingia giza, naye alinitumia neno: "Njoo na baiskeli, nikuone ukipandisha kilima chetu kabla sijawa kipofu." Ungekuwa wewe ungepanda treni?

Siku za mwanzo zilikuwa karaha tupu. Nilitoka Buzebazeba, nilikopanga chumba, asubuhi, na kabla sijafika bonde la Luiche cheni ikakatika. Nikaiunga. Tairi likapasuka. Nikaziba, pampu nayo ikagoma kupuliza. Kwenye kizuizi cha barabarani askari wakaniweka juani, eti lafudhi yangu si ya Mtanzania. Mimi Mnyakyusa! Nililala Simbo nimenuna, na Simbo ni hapo tu, mtu anaenda kununua ndizi na kurudi.

Kesho yake jua lilikuwa linazama nilipokaribia Ilagala. Pembeni ya njia, penye michikichi, alisimama mwanamume na mkeka uliokunjwa kwapani. Nguo zake zilikuwa zinachuruzika maji, na mvua haikuwa imenyesha.

"Bwakeye," akasema.

Salamu ile niliijua. Wazazi wa wanafunzi wangu wakimbizi walinisalimu hivyo kila asubuhi getini, nami nilijivunia Kirundi changu cha maneno matatu.

"Bwakeye neza!" nikajibu kwa sauti.

Akakaa kwenye keria. Huko si ajabu, keria tupu ni ya yeyote aliyechoka miguu. Nilisikia baiskeli ikishuka kwa uzito wake, na maji yake yakinilowesha mgongo. Nikakanyaga. Nilimlalamikia njia nzima: cheni, pampu, kizuizi. Nikajisemea kwamba angalau huyu anasikiliza.

Kwenye kivuko cha mto Malagarasi nikamwambia ashuke. Mtu wa pantoni akanikazia macho.

"Kaka, wamwambia nani?"

Nikageuka. Keria ilikuwa imelowa chapachapa, na hapakuwa na mtu.

Amini usiamini, kesho yake, ng'ambo ya mto, baiskeli ilikataa kwenda. Njia tambarare kabisa, lakini nakanyaga kama napanda mlima, na cheni inachomoka kila nikisogea kidogo. Fundi mmoja akaigeuza juu chini, akazungusha gurudumu, likazunguka vizuri. "Nzima hii," akasema. Nikapanda, ikagoma. Nikaitukana matusi yote niliyokuwa nayo. Kisha kwa hasira nikaigeuza kaskazini, na hapo, sikudanganyi, ikaanza kwenda kabla sijakanyaga.

Ilinirudisha hadi Buzebazeba bila hata kutoka jasho. Mama mwenye nyumba wangu, Muha wa palepale, alikuwa uani anachambua dagaa. Nilipomaliza kumweleza akashika kichwa.

"Yebaba we! Ulimwitikia? Jioni?"

"Ni salamu tu, mama."

"Ya asubuhi hiyo, mwalimu! Bwakeye ni kumekucha. Yule kafia majini usiku, angoja kukuche arudi kwao. Wakisalimia hivyo jioni, sie hunyamaza tukapita. Wewe umemwambia kumekucha vizuri. Sasa asiende?"

"Na mimi je? Baba yangu ananingoja kusini!"

"Kwao ni kaskazini," akasema, akarudi kwenye dagaa wake.

Nilijaribu kumrudishia usiku wake. Nilisimama uani nikaiambia baiskeli "Mwiriwe", salamu ya jioni, nikarudia na kurudia mpaka majirani wakaja kuchungulia. Wapi! Nikatoka tena kwenda kusini, ikagoma Luiche. Nikafungua keria nikaiacha ndani, uzito ukahamia mabegani mwangu. Nikairudisha keria mahali pake, nikaielekeza baiskeli kaskazini ili nimalizane naye. Ikateremka mbio hadi ufukwe wa Kibirizi na kuingia ziwani, breki hazishiki, mpaka wavuvi wakanitoa nimeshameza maji. Likizo ikaisha hivyo, nikipigana na mtu nisiyemwona.

Nyumbani nilifika likizo iliyofuata, kwa treni na mabasi. Baba alinipapasa uso, kisha mikono yake ikashuka, ikawa inatafuta kitu pembeni yangu.

"Umeiegesha wapi?" akauliza.

Siku ile nilimchukia yule mtu wa keria kuliko nilivyowahi kumchukia yeyote.

Miaka ikapita, vita vya kwao vikatulia, wakimbizi wakaanza kurudi kwa maboti. Nikaisukuma ile baiskeli hadi ufukweni, nikampa mama mmoja aliyekuwa na mizigo na watoto. Hakuamini, akanishukuru mpaka nikaona haya. Mpakizi alipoinyanyua akaguna, "Mwalimu, umefunga nini hapa nyuma?" Nikamwambia aipakie tu. Boti ilipokuwa inapotea niliona machozi yananitoka, na usidhani ni ya huruma. Safari ilikuwa yangu, aliyefika ni yeye.

Siku hizi nina baiskeli nyingine. Haina keria, na haitoki mjini. Nawe ukija huku usijifanye mjuzi wa salamu za watu. Mtu akikwambia bwakeye, tazama kwanza jua liko wapi. Ukiona linazama, funga mdomo upite, hata akikuona huna adabu.