Mti wa Mpaka katika Picha ya Marcella

Mutembei alipaka mabango ya maduka ya Kianjai kwa riziki, lakini roho yake ilikuwa katika kuchora majumba na watu. Mimi ni fundi cherehani, nilikaa naye veranda moja miaka kumi na minne, na nakwambia sijaona mtu mkaidi kama yeye. Angesimama juani akikodolea dirisha la posho mili, kinu cha kusagia unga, hadi mwenye kinu amfukuze. Kasoro yake ni kwamba alipenda kupanga: nguzo ikimharibia picha, aliihamisha. Nilimtania kuwa yeye ndiye serikali.

Picha aliyoipenda kuliko zote ilining'inia ukutani katika hoteli ya Marcella. Aliichora mwaka wa 1971: hoteli, nyumba ya jiko kando yake, na Thuranira, mumewe Marcella, amesimama mlangoni mwa jiko na sufuria mkononi, anacheka. Thuranira alifariki miaka miwili baadaye na kipande chake, kile kitambulisho chenye picha, kikarudishwa ofisi ya serikali, kwa hiyo sura yake haikubaki kwingine popote.

Mwaka wa 1979 Mwiti, ndugu ya marehemu mwenye ploti ya jirani, akadai jiko lile. Alisema mti wa mpaka, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameshaukata na kung'oa kisiki, ulisimama kati ya hoteli na jiko, basi jiko limo katika ploti yake. Wazee wakagawanyika. Marcella hakuwa na ushahidi ila picha, na katika picha mti uko upande wa pili wa jiko, jiko likiwa ndani ya mpaka wake. Bila jiko hakuna hoteli, na alikuwa na watoto wanne. Sote tulishangilia.

Ila Mutembei. Siku tatu hakugusa brashi. Nilipombana akanieleza: mti ulikuwa ukimziba Thuranira, naye akausogeza. Nilimwomba anyamaze tu. Nilimwambia Mwiti ni mlafi na Mungu anajua. Akainuka akaondoka, nami nikamkasirikia sana.

Barazani chifu aliishika picha, akamuuliza Mutembei kama alichora alivyoona. Marcella alimtazama bila wasiwasi wowote. Nadhani kwa kuiona kila siku hata yeye alikuwa ameiamini.

"Huo mti nilisongesha mimi, chifu," Mutembei akasema. "Ulikuwa hapa katikati. Mama, unisamehe."

Mwiti hakuridhika na kushinda. Akataka picha irekebishwe palepale, isije ikaleta kesi nyingine. Chifu akakubali. Mutembei akaleta rangi, akaanza kupaka shina juu ya magoti ya Thuranira, kisha kifuani. Marcella alisimama begani pake. Hakulia, na hilo lilinitisha zaidi. Majani yalipofika kidevuni, Mwiti, aliyekuwa akichungulia kwa nyuma, akamshika Mutembei mkono.

"Wacha hapo," akasema. "Huyo ni ndugu yangu."

Mutembei akaweka brashi chini. Tulimngoja Mwiti aseme lolote kuhusu jiko, hata chifu alingoja. Alivaa kofia yake akaenda zake. Jumatatu asubuhi alirudi na vibarua wawili, wakalibomoa jiko.