Mkono wa Pili Kwenye Kioo cha Bibi

Jua linazama. Mama Ukungu amesimama nje ya dirisha la bafu, mikono kiunoni, gauni limelowa maji ya sabuni.

"Washa taa!" anapaza sauti. "Nyoosha mkono, nihesabu vidole!"

Ndani, mwenye nyumba anatii. Kwenye kioo linapita doa hafifu, linapotea.

"Sioni kidole, sioni mkono, wala hicho kitambi sikioni," anasema. "Oga kwa amani, shemeji."

Sasa ndipo anapokubali kulipwa. Bila jaribio hilo, hapokei hata senti.

Mama Ukungu ni mama wa watoto watatu. Hubandika stika kwenye vioo vya watu wasiotaka kuchunguliwa, kazi aliyoianza baada ya duka la mapazia alilouzia kufungwa. Vifaa vyake vyote vinaenea kwenye ndoo moja: wembe, chupa ya kupulizia maji, mpira wa kukamulia maji kiooni. Dirisha moja humlisha siku mbili. Ipo wiki asiyopata hata moja.

"Watu hununua ile stika inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, wakadhani wamejificha," anasema. "Mchana, sawa. Giza likiingia, ukawasha taa, mtaa mzima unakutazama unavyojikuna. Ndiyo maana mimi nasubiri jioni, natoka nje, nahesabu."

Kuhesabu huko ndiko kunakomkosesha usingizi sasa.

Wiki iliyopita aliitwa na mshonaji mstaafu, bibi anayeishi peke yake katika nyumba aliyoijenga kwa cherehani yake. Bibi alitaka dirisha la sebuleni lizibwe. Mama Ukungu akabandika stika ya ukungu, ile nyeupe iliyompa jina, akatoka nje, akaomba taa.

Mkono ukanyanyuka, hafifu. Kando yake ukanyanyuka mwingine.

"Bibi, mwambie mwenzako ashushe mkono, ananichanganya!"

Sauti ya bibi ikatoka ndani, taratibu: "Na wewe umemwona?"

Mama Ukungu aliingia ndani mbio. Sebuleni palikuwa na bibi, kiti, na cherehani iliyofunikwa shuka.

"Nilitazama mpaka chini ya ile shuka," anasema. "Hata panya hakuna."

Bibi hakushtuka. Alimweleza kwamba majirani wamempelekea mwanawe maneno: mama yako anaishi na mtu. Mwana ameapa kuja Jumapili hii jioni, asimame pale pale nje, ajionee. Akimwona huyo mtu, atamhamisha mama yake na nyumba itapangishwa.

"Ulidhani najificha mimi?" bibi alimuuliza. "Mzee kama mimi nina nini cha kuchunguliwa? Mfiche yeye. Hajanidhuru, na mimi sihami hapa. Ongeza stika, mwanangu."

Akaongeza. Akatoka tena. Safari hii mkono wa bibi ulimezwa wote na ukungu. Ule mwingine ulibaki, wazi, vidole vyote vitano.

Mama Ukungu anafuta wembe wake ambao tayari ni mkavu.

"Stika ya ukungu huficha kilicho mbali na kioo," anasema. "Kinachoonekana ni kile kilichoegemea kioo chenyewe. Bibi alikuwa katikati ya chumba."

Kwa nini asibandike stika nyeusi kabisa, yaishe?

"Nilimwambia. Akakataa. Akasema, 'Nyeusi hapana, atakosa mwanga.'"

Alirudi nyumbani bila kuchukua malipo, kwa sababu jaribio lilishindwa. Bintiye mkubwa anamtania kwamba siku hizi anafanyia kazi mizimu, tena kwa mkopo.

"Cheka tu," humjibu. "Ukizeeka, na wewe utataka wa kukaa naye."

Amekwishakata shauri. Jumapili hatakwenda na ndoo. Atavaa gauni lake la kutokea, aketi sebuleni ubavuni mwa bibi, kiti kimesogezwa mpaka kioo kinamgusa bega. Mwana akiona kivuli cha pili, yeye atafungua mlango na kumkaribisha: ni mimi, rafiki wa mama, huja kumzungumzisha jioni.

"Uongo wenyewe si mkubwa. Nimeanza kwenda kweli, tangu juzi," anasema, akiinua ndoo yake. Taa za mtaa zinaanza kuwaka, na bila kujijua anageuka kutazama dirisha la bafu alilolimaliza.

"Naomba jambo moja tu. Huyo kijana asihesabu watatu."