Sauti ya Zamzam Yaingia Kibra

Fadhul Abdul-Latif alistaafu jeshini akiwa fundi wa mawasiliano, na mpaka leo hapendi kusikia kitu "kimeharibika". Yeye huuliza: kimekatikia wapi?

Chumbani kwake Kamwokya kuna kompyuta kuukuu isiyozimwa. Humo zimo nyimbo alizomrekodi marehemu mama yake, Zamzam, akiimba doluka, ngoma ya harusi za Wanubi. Mama alikubali kwa sharti moja: zisisambazwe ovyo, anayezitaka aje azisikilize nyumbani. Kwa hiyo mpwa wake Shakirah, bi harusi wa Kibra, Nairobi, ng'ambo ya mpaka, alipoziomba kwa sherehe ya hina, Fadhul hakuzituma. Angeifungua kompyuta, Shakirah na wageni wake waingie humo kwa mtandao, kama waliokuja nyumbani.

Jioni ya hina ikafika, na huko Kibra kompyuta haikufunguka.

"Mjomba, inazunguka tu," Shakirah alisema kwenye simu. "Nitumie kwa WhatsApp yaishe. Mashangazi wameshakaa na ngoma yao, wananiangalia mimi."

"Waangalie na wewe. Leo umependeza."

Fadhul alikagua kuanzia karibu akaenda mbali, kama jeshini. Kompyuta ilikuwa hai. Tatizo lilikuwa anwani. Anwani za mtandao za mtindo wa zamani ni haba, na kampuni ya intaneti iliwapa wateja wengi moja. Mgeni akibisha hapo, haijulikani anataka nyumba ipi. Lakini zipo pia za mtindo mpya, ndefu, kila kifaa na yake. Fadhul aliifungulia njia anwani ndefu ya kompyuta yake, akaweka neno la siri. Kisha akazima waifai ya simu yake, akajaribu kwa data, kama mtu wa nje. Ikafunguka.

Akamtumia Shakirah anwani hiyo na neno la siri. Kwake, bado.

"Unatumia waifai ya nyumbani?"

"Ndiyo."

"Hiyo haizijui anwani ndefu. Izime, tumia data ya simu."

"Mjomba, bando langu!"

"Harusi yako, bando lako."

Shakirah akaizima waifai. Kisha sauti ya Zamzam ikatoka, kali, haina haraka, na wanawake wa Kibra wakaiitikia. Shangazi mmoja akafoka: "Punguza mwendo wa hiyo ngoma! Humsikii mwenye wimbo anavyokwenda?"

Fadhul aliketi wima kitini.

"Shakirah, waambie wajiandae. Kwenye ubeti wa tatu mama ananyamaza kidogo. Hapo ndipo panapotiwa jina la bi harusi."

Ubeti wa tatu ukafika. Zamzam akanyamaza, na nyumba nzima ikaita, "Shakirah!" Naye Zamzam akaendelea na wimbo.