Sinia la Paleti

Miaka ile tulipokaa Ujiji, mume wangu alikuwa hawezi kumwambia mtu hapana, na kwa kuwa kila alichokikubali kilianzia kwenye kompyuta yangu, mzigo ulinishukia mimi kwanza. Nilikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya ardhi mjini Kigoma. Nilihamishiwa huko kutoka Tanga, naye akanifuata, akapata kazi ya ufundi umeme kwenye ghala moja karibu na bandari.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Walikuja Warundi kwanza, halafu Wakongo, na ghala lile lilipokea shehena za misaada. Mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa hapo alikuja na mashine ndogo ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Unachora umbo, unaliingiza kwenye mashine, nayo inalifuata mstari kwa mstari huku ncha yake ya chuma, ambayo mafundi huiita biti, ikizunguka na kula mbao. Mkataba wake ulipoisha akamwachia mume wangu, kwa sababu kuirudisha kwao kungekuwa usumbufu. Usumbufu ukawa wetu. Tuliiweka kwenye banda la uani, na tangu siku hiyo vumbi la mbao likaingia kwenye unga, kwenye mashuka, na kwenye nywele zangu.

Mbao hatukununua. Mahindi na mablanketi ya misaada yalifika yakiwa juu ya paleti, yaani vichanja vya mbao vya kubebea mizigo, na zilizovunjika zilirundikwa nje ya ghala, watu wakazichukua kwa kuni. Wengine waliona kuni. Mume wangu aliona vyombo vya jikoni. Alianza na vibao vya kukatia nyanya, akagawa kwa majirani. Zikafuata stuli za kukalia jikoni, akagawa. Kila jirani alisifu kazi yake, na kila jirani alirudi akiwa na dada au shemeji aliyetaka na yeye.

Ndipo mama mwenye nyumba wetu akaja. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Ujiji, akikaa vyumba vya mbele vya nyumba hiyo hiyo, wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani, na binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa. Nilirudi kazini nikawakuta uani, yeye na mume wangu, wanakunywa chai yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mumeo ameniahidi vyombo vya kichenpati vya binti yangu. Sinia kubwa, kibao cha chapati, stuli, na kile kitu cha kupangia mifuniko ya sufuria. Mungu awazidishie."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama chai.

Nilichora jioni baada ya kazi, macho yakiwa yameshachoka na mipaka ya viwanja vya watu. Mama mwenye nyumba alikuja karibu kila siku kuangalia. Alitaka maua kwenye sinia. Nikachora maua. Akasema maua ni ya watu wote, weka migebuka, samaki wetu. Nikafuta maua, nikachora migebuka ikizunguka ukingo, kila mmoja akifuata mkia wa mwenzake. Akasema wamekonda. Nikawanenepesha. Akauliza kama wanaweza kucheka kidogo. Nikamwambia mgebuka hacheki. Akanijibu taratibu kwamba yeye amezaliwa kando ya ziwa hili na mimi nimekuja juzi.

Kuchonga nako kulikuwa na vituko vyake. Umeme wa Kigoma wakati huo ulitoka kwenye majenereta ya mafuta, na ulikatika bila taarifa. Ukikatika, mashine inasahau ilipofika. Ukirudi, ukiianzisha bila kuipangia upya mahali pa kuanzia, inachonga samaki juu ya samaki. Na mbao za paleti zina misumari. Tuliing'oa yote, au tulidhani tumeing'oa yote, mpaka siku biti ilipokutana na msumari uliokatikia ndani. Ulisikika mlio mmoja, kisha kipande cha biti kikaruka kikagonga bati.

"Nilikuuliza kama umeikagua ile mbao," nilimwambia.

"Niliikagua."

"Uliikagua au uliitazama?"

Biti ya akiba ilitoka Dar kwa basi, na mpaka ilipofika tulikuwa tunaongea mambo ya chumvi na sabuni tu.

Hata hivyo vyombo vilikwisha. Niseme kweli, sinia lilikuwa zuri. Mbao nyeupe na nyekundu tuliziunganisha kwa gundi, tukapiga msasa mpaka likawa laini kama shavu la mtoto, na migebuka ikakaa ukingoni imenona kama alivyotaka mwenyewe. Tukampelekea kila kitu wiki moja kabla ya kichenpati, sherehe ya wanawake ya kumpa bibi harusi vyombo. Nilimwomba alifunike sinia kwa kanga na asiliguse, kwa kuwa nilitaka nije kulipaka mafuta mara ya mwisho.

Katikati ya wiki hiyo dada yake alifika. Alikuwa anaishi ng'ambo ya ziwa, vita vikamfikia, akavuka ziwa usiku kwa mashua na watoto wake na watoto wa jirani yake ambaye hakujua yuko wapi. Nilisikia habari zake kwa majirani. Siku ya pili nilikwenda na chupa yangu ya mafuta na kitambaa, nikabisha, nikaingia.

Watoto walikuwa wamekaa chini kulizunguka sinia langu. Katikati kulikuwa na mlima wa ugali wa muhogo, pembeni dagaa waliokaangwa kwa mawese, na mawese yameshaingia kwenye mbao, yamekwenda mpaka kwenye migebuka, yameijaza rangi ya chungwa. Nilisimama mlangoni na chupa yangu. Nilikasirika, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Dada mtu alinyanyuka kwenye mkeka.

"Karibu, mama. Batoto banakula. Tulikimbia na manguo tu, hata sahani hatuna."

"Kuleni tu," nikasema. "Mimi nilikuwa napita."

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Akacheka. Nikaenda kulala.

Siku mbili baadaye wale wageni walikwisha kuandikishwa, na basi lilikuwa linawachukua kwenda kambini. Nilikuwa nafua pale uani nilipowaona wanatoka. Dada mtu alikuwa amejitwisha furushi lililofungwa kwa kamba ya katani, na katikati ya nguo ulionekana ukingo wa sinia na mikia ya migebuka. Nilimwangalia mama mwenye nyumba. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio wake, kwa hiyo nikasubiri mpaka basi lilipoondoka.

"Mama, lile sinia si la bibi harusi?"

"Nimempa dada yangu. Angekwenda kulia chakula kwenye nini huko?"

"Na kichenpati ni keshokutwa."

"Si mashine, mwanangu? Bonyeza tu litoke jingine."

Nadhani ndiyo siku pekee niliyomshika mkono mtu mzima yule. Sikumshika kwa ubaya, lakini nilimshika, povu la sabuni likiwa bado mkononi, nikampeleka mpaka bandani. Nikamwonyesha rundo la paleti. Nikampa koleo. Nikamwambia mbao hizi zina misumari, na tukiacha hata mmoja hakuna sinia, kwa hiyo tunang'oa pamoja. Mume wangu alitaka kusema kitu, nikamtupia jicho, akaenda kuchanganya gundi.

Alivua mtandio akajifunga kiunoni. Aling'oa misumari jioni ile mpaka viganja vikawa vyekundu. Kesho yake nikampa msasa. Mwanzoni alilalamika mgongo, kisha vumbi. Ndipo akaanza kusema bila kunitazama.

"Nilipomwona dada yangu sikumtambua. Alinisalimia, nikaitikia kama namwitikia mpita njia. Ndugu yangu wa tumbo moja."

Niliendelea kupiga msasa upande wangu.

"Sina ninachoweza kumfanyia. Nyumba hii imejaa wapangaji, mmojawapo wewe. Sinia ndicho kitu kizuri kilichokuwa mikononi mwangu."

"Ungeniambia tu, mama."

"Ungekasirika."

"Ningekasirika," nikakubali. "Lakini ungeniambia."

Mchana huo tuliiwasha mashine. Migebuka ya kwanza ilitokea safi, mmoja baada ya mwingine, na mama mwenye nyumba akawa ameinama karibu kiasi kwamba mume wangu alimwomba arudi nyuma. Nusu ya ukingo ilipokwisha, umeme ukakatika. Tulisubiri. Jua likashuka, umeme haukurudi. Mume wangu alisema usiku ukirudi ataipangia upya ianzie pale pale ilipoachia. Nilimjua, na niliijua ile mashine. Ikikosea upana wa unywele, tutapoteza na hiyo nusu tuliyopata.

"Basi," nilimwambia. "Toa sinia hapo. Linakwenda hivyo hivyo."

"Samaki wa mwisho ana kichwa tu."

"Atakwenda na kichwa chake."

Kichenpati ilifanyika ukumbi mmoja kule Mwanga. Mshereheshaji aliviinua vyombo kimoja kimoja, wanawake wakapiga vigelegele, na kila alipotaja aliyetengeneza alimtaja mume wangu, ambaye hata hakuwepo ukumbini, kwa sababu ni shughuli ya wanawake. Mimi niliyechora nilikuwa meza ya tatu kutoka mlangoni, nimekunja mikono. Kisha akainua sinia. Akaligeuza huku na huku akitafuta samaki wengine, na watu wakaanza kunong'ona.

Mama mwenye nyumba alisimama, akaenda mbele, akachukua kipaza sauti. Nilidhani atanitaja, nikajiweka sawa kwenye kiti.

"Hili sinia nimelitengeneza mwenyewe," alisema. "Tazameni mikono yangu."

Akaonyesha viganja ukumbi mzima. Wanawake walisimama wakimshangilia, bibi harusi akaenda kumkumbatia mama yake, wakalia wote wawili, na sinia likabanwa katikati yao. Jirani yangu mezani, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, alinigusa bega akaniuliza kwa nini nami sijifunzi kazi ile, maana nakaa nyumba moja na mafundi.

Nilimwambia nitafikiria.