Pandashuka na Ile "Navuta" Yake

Mdogo wangu ni fundi wa lifti, na mtaa mzima unamwita Pandashuka. Lifti ikikwama, hakimbilii spana. Anabandika sikio kwenye mlango wa chuma, anagonga mara mbili, anafumba macho kama mkunga anayesikiliza tumbo, kisha anasema, "Beringi ya juu inalia njaa." Hakosei. Mimi nauza vipuri vilivyotumika, mota na nyaya, na mara nyingi nimemwita anisikilizie mota kabla sijaanza kupatana bei na mwenye nayo. Sijawahi kumpa zaidi ya soda.

Zamani alikuwa mtu mwingine. Miaka minne unga, ule wa kuvuta, ulimla hadi akabaki na shati na viatu. Na viatu vyenyewe akaviuza. Kisha akaacha. Sina muujiza wa kusimulia hapa: alitapika, alitetemeka, alinitukana matusi ambayo sijui aliyatoa wapi. Mlango wa chumba chake niliufunga mimi, ufunguo nikautia sidiriani. Huu ni mwaka wa kumi na moja.

Redio moja ikamwalika aeleze alivyoacha. Pandashuka akianza kuongea hana breki. "Naamka, navuta. Navuta, nalala. Mama ananiita, simsikii, navuta." Dukani kwangu wateja wote waliisogelea redio.

Wiki ya pili ikaja barua kutoka ofisi ya leseni za mafundi. Afike mbele ya kamati ajieleze, kwa kuwa amekiri hadharani kutumia dawa za kulevya, na mtumiaji haruhusiwi kushika leseni ya mitambo inayobeba watu. Leseni ikienda, naye amekwenda. Kazi nyingine hajui, na mkewe ana mimba ya miezi saba.

"Dada, si nilisema ukweli?"

"Ukweli ni bidhaa, baba. Unauliza kwanza mnunuzi ni nani."

Tukamwona wakili. Akasema maneno ya redioni peke yake, bila tarehe wala ushahidi, si rahisi yamfikishe mahakamani. Lakini kamati si mahakama, ikishuku tu inaweza kuizuia leseni. "Asiseme mengi," akatuasa. Kumwambia Pandashuka asiseme mengi ni kumfundisha samaki kupanda ngazi.

Siku yenyewe tulikuta meza ndefu na feni inayolia. ("Bushi imeisha," mdogo wangu akaninong'oneza. Nikamfinya.) Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Mkaguzi aliyeandika mashtaka akasimama na karatasi yake.

"Amesema 'navuta'. Hakusema 'nilivuta'. 'Navuta' ni sasa hivi."

Pandashuka akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, "mimi ni dada yake. Naomba mkaguzi atueleze siku hiyo alivyoyasikia."

Mkaguzi akajinyoosha, akafurahi kuulizwa. "Ilikuwa Jumamosi. Mimi nimekaa zangu sebuleni, nakunywa chai, nasikiliza redio. Mara namsikia huyu bwana anajisema. Namwita mke wangu, namwambia njoo usikie maajabu..."

"Karani," nikasema, "andika hapo: mkaguzi yuko sebuleni, anakunywa chai."

Karani akapasuka kicheko, na wajumbe nao wakafuata.

"Mkaguzi," mwenyekiti akasema, akivaa miwani, "kaa chini, chai inapoa." Halafu akanigeukia, na uso wake haukuwa na mchezo. "Umetuchekesha, mama. Lakini nikikosea mimi, kitakachoanguka si sarufi. Ni watu."

Nilikuwa nimejiandaa kukubali kipimo kimoja cha dawa za kulevya, tena kwa shingo upande. Mdogo wangu akauchomoa mguu wake chini ya wangu, akasimama.

"Nipimeni, mheshimiwa. Leo, kesho, siku mnayotaka. Hata mimi nisingempandisha mke wangu lifti ya fundi nisiyemjua."

Hujawahi kuona mtu akitoa mali yote kabla hajaulizwa bei.

"Leseni inabaki," mwenyekiti akasema. "Atapimwa kila miezi mitatu, kwa miaka mitatu."

"Mmoja," nikasema.

"Mama, hapa si sokoni." Akaandika, akaigeuza karatasi niisome: miwili.

Ameshapimwa mara tatu, zote safi. Binti yake anaota meno. Redio nayo ikamwalika tena, nikamwonya: "Safari hii sema 'nilikuwa'. Nimekuomba."

"Dada, nikisema 'nilikuwa navuta', watu wanabadilisha stesheni."

Siku ya kipindi nilikuwa dukani, mteja ananibana bei ya mota. Sauti ya mdogo wangu ikatoka redioni: "Miaka kumi na moja iliyopita, mkaguzi kama unasikia andika hiyo, miaka kumi na moja iliyopita: naamka, navuta..."

Nikamwinulia mteja kiganja, asubiri. Nami huwa simsubirishi mteja.