Shosho Aliyemtoa Simba kwenye Postikadi

Juzi katika duka moja la uchapishaji hapa Nyeri nilimkuta bibi mmoja amesimama kaunta, akiikazia macho kompyuta. Mjukuu wake amezaliwa ng'ambo, na mwalimu amewaambia wanafunzi walete postikadi ya nchi ya wazazi wao. Bibi alikuwa amekuja kuchorewa moja.

"Huyu simba ni wa nini?" akamuuliza mchoraji.

"Shosho, bila simba watajua aje ni Kenya?"

"Mimi niko na miaka sabini na sijawahi ona simba. Toa."

Simba akatolewa. Ukabaki mlima, na chini yake mwanamke wa soko la Karatina, kapu kichwani.

"Na huyu ametoka wapi? Sisi tunabeba na mgongo."

"Si ni picha tu, shosho."

"Ati picha tu? Huyo mtoto hajawahi fika huku. Hiyo picha ndiyo nyumbani atajua."

Basi akainua kiondo chake kilichojaa viazi, akakiweka mgongoni, akautia ukanda wake kwenye paji la uso, akainama katikati ya duka. "Chora."

Alisimama hivyo hadi mchoro ukaisha, jasho likimtoka, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Alipoonyeshwa, aliutazama kwa muda mrefu. "Sasa chapisha," akasema.

Mimi nami nimewatumia jamaa zangu kadi nyingi. Karibu zote zilikuwa za twiga, na twiga mwenyewe nilimwona mara ya kwanza kwenye kadi hizo hizo.