Cherehani ya Mama Ghala

Harufu ya masizi yaliyokorogwa na mafuta ya karanga bado siivumilii. Mwalimu Anyosisye aliyakwangua chini ya sufuria za shule, akayakoroga kwenye kifuniko cha kopo, kisha akatuchora nayo masharubu, nyusi na makunyanzi, sisi wasichana kumi wa kundi la maigizo la kijiji. Ilikuwa kipupwe, majira ambayo upepo wa Ufipa haukuti mti wa kuuzuia, unapita juu ya nyasi kavu na juu ya matuta ya ulezi yaliyokwisha kuvunwa, unaingia moja kwa moja ndani ya gauni la shule. Tulifanya mazoezi kila alasiri nyuma ya ghala la kijiji, midomo imepasuka, magoti yamepauka, na tulikuwa na furaha ambayo sijaipata tena mahali popote. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue kwamba sikuwa mtoto mwenye huzuni. Huzuni ilikuja baadaye, na niliiandaa kwa kinywa changu mwenyewe.

Hiyo ilikuwa miaka ya Ujamaa. Kijiji chetu kilikuwa kipya, kimepangwa kwa mistari kandokando ya barabara ya kwenda Sumbawanga, na wengi wetu tulikuwa tumehamishiwa pale kutoka mabondeni huku paa za nyumba za zamani zikiachwa wazi nyuma yetu. Tulikuwa na shamba la ujamaa, duka la ushirika lenye rafu tupu, na huyo mwalimu Anyosisye, kijana kutoka Mbeya aliyependa michezo ya kuigiza kuliko hesabu. Yeye ndiye aliyetunga mchezo wa Mama Ghala, mwanamke mnene mchoyo aliyeficha mahindi chini ya kitanda wakati wenzake wanalala njaa. Ulikuwa mchezo wa kuimba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na mwanamke pekee kijijini aliyeweza kuimba mfululizo bila kukaukiwa na sauti alikuwa dada Felista.

Dada Felista hakuwa mnene wala mchoyo. Alikuwa mwembamba, na tumbo la Mama Ghala lilikuwa mto uliojazwa majani ya mahindi, aliofungiwa kwa kanga. Mume wake alikwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Zambia, akaandika barua mbili, kisha akanyamaza. Felista na binti yake mdogo walilala jikoni kwa shemeji, na shemeji hakuacha siku ipite bila kumkumbusha kwamba lile ni jiko lake. Lakini akishavaa ule mto, akatoka nyuma ya mkeka tuliouita pazia, hakukuwa na Felista tena. Alitembea kwa kuburuta visigino, akapangusa midomo kwa kiganja, akaimba kwa sauti nzito iliyotoka chini kabisa ya ule mto, na wanawake waliokuwa wakipita na kuni walitua mizigo yao wakacheka mpaka wakashikana mabega. Tulimpenda kupita kiasi. Tuliiga mwendo wake tukienda kisimani. Tuligombana nani atamfunga mto. Mimi nilitunza uzi wa kanga yake ndani ya daftari la siasa, na mama aliponikuta nao alinifinya akidhani nimeanza uchawi.

Katika mchezo ule nilikuwa na kazi moja, na niliiona kuwa kubwa kuliko zote. Mwishoni wanakijiji wanamzunguka Mama Ghala, naye anasimama katikati, anaweka mikono kiunoni na kusema kwamba mahindi ni yake. Hapo ndipo mimi nilipotakiwa kuanzisha kiitikio, peke yangu, kabla wenzangu hawajadaka: Toa, mama, toa! Ulichonacho si chako peke yako, toa! Mwalimu alinirudisha mara nyingi sana. “Yustina, usimsubiri amalize,” alikuwa akisema. “Mikono ikigusa kiuno tu, wewe anza.” Dada Felista alinisaidia zaidi ya mwalimu. Alinichukua kando, akaweka kiganja tumboni kwangu, akanifundisha kuvuta pumzi kabla ya neno la kwanza ili sauti isitetemeke. Alikuwa ananong'ona, “Niangalie mikono, mwanangu. Uniangalie mikono tu.” Nikawa namwangalia mikono hata nikiwa usingizini.

Tulikwenda kwenye mashindano ya mkoa mjini Sumbawanga juu ya lori la kubebea mahindi, tumejifunika magunia kwa baridi, na mke wa mwenyekiti wa kijiji alitupikia maharage na mahindi ya ghala la kijiji tubebe njiani. Niliuona uwanja uliojaa watu kwa mara ya kwanza. Vikundi vya ngoma vilikuwa hodari kuliko sisi, na kwaya moja kutoka huko Msanzi ilituacha mbali. Kundi letu halikupata kitu. Lakini Felista alipoweka mikono kiunoni na mimi nikaanza, uwanja mzima ulidaka kiitikio pamoja nasi, wakubwa kwa wadogo, na nilihisi ardhi inatikisika chini ya miguu yangu mitupu. Waamuzi walipotangaza mwigizaji bora wa mkoa, walitaja jina lake. Alipewa cheti, akapewa na cherehani ya mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni, ndani ya sanduku la mbao. Alilia mbele ya watu wote huku makunyanzi ya masizi aliyochorwa usoni yakichuruzika mpaka kidevuni.

Njiani kurudi alilipakata lile sanduku kama mtoto mgonjwa. Alijua kushona, alijifunza kwa masista misheni kabla hajaolewa. Sisi wasichana tulijibana kumzunguka, naye akatueleza habari ambayo nadhani hakuwahi kumweleza mtu mzima yeyote: atashona sare za shule, atashona magauni ya komunyo, atajenga chumba kimoja mwishoni mwa mstari wetu wa nyumba. “Nitatoka kwenye jiko la watu,” alisema. Akasema tena, na safari ya pili aliiimba, tukaitikia kwa makofi, lori zima.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mwenyekiti, mzee Kasiano, hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mtu mbaya, ingenirahisishia mambo. Alikuwa mtu aliyeamini kila neno alilolisoma kwenye mbao za matangazo. Alisimama akasema kwamba kundi lilikwenda kwa jina la kijiji, lililishwa na ghala la kijiji, na kwa hiyo kilichopatikana ni cha kijiji. Cherehani itakaa ofisini. Watu walinong'ona. Si wote waliokuwa upande wake. Bibi mmoja alisema kwa Kifipa kwamba kama ni ya kijiji, basi kijiji kingevaa huo mto na kuimba chenyewe, na watu wakacheka. Mzee mwingine akasema Felista aachiwe cherehani mwaka mmoja kwanza. Nilimwona mwalimu Anyosisye ananyanyuka kuomba nafasi. Jambo lilikuwa bado halijaamuliwa.

Ndipo dada Felista akasimama. Alivaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, bila mto, bila masizi. Sisi wasichana wa kundi tulikuwa tumekaa mbele kwenye majani. Alimtazama mwenyekiti akasema, “Mzee wangu, shikamoo. Nakuheshimu. Lakini hii nimeipata kwa jasho langu.” Na alipokuwa akisema, labda kwa woga, labda kwa mazoea ya miezi ile, aliinua mikono yake miwili akaiweka kiunoni.

Nikaanza. Nilivuta pumzi kama alivyonifundisha, nikaanza: Toa, mama, toa!

Kwa miaka mingi nimejitetea kwamba nilikuwa na umri wa miaka kumi, kwamba mwalimu ndiye aliyenizoesha, kwamba mikono iligusa kiuno na kinywa kikafunguka chenyewe. Kwa neno la kwanza, sawa, naukubali utetezi huo. Lakini baada ya neno la kwanza niliuona uso wake. Aligeuka kunitazama, na haukuwa uso wa Mama Ghala hata kidogo. Nilijua. Ningeweza kunyamaza. Ila wenzangu walikuwa wamekwisha kudaka, na nyuma yetu watu wakaanza kupiga makofi kwa mapigo yaleyale ya uwanjani, na mtu mmoja akapiga kelele, “Yustina, juu zaidi!” Nikapandisha sauti. Nilitaka kusikia tena ardhi ikitikisika. Kijiji chote kiliimba, hata yule bibi, na mtu akaropoka “Kupe!” kama tulivyokuwa tukimwita Mama Ghala katika mchezo, na kicheko kikawa kikubwa. Mwalimu Anyosisye alikuwa amesimama na mkono juu, akiomba nafasi ambayo hakuna aliyemwona akiiomba. Mwenyekiti alingoja wimbo uishe. Kisha akauliza wanaokubali wanyooshe mikono, na mikono ilikuwa tayari hewani inapiga makofi.

Cherehani ilikaa ofisini juu ya meza, imefunikwa gunia. Hapakuwa na mtu mwingine kijijini aliyejua kushona. Mwenyekiti alimwita Felista awe anakwenda kushonea kijiji siku mbili kwa wiki, na kazi hiyo ihesabiwe badala ya zamu yake ya shambani, akaona amempa heshima. Felista alikataa. Alichukua jembe lake akaenda shambani na wengine. Wageni wa serikali walipokuja, gunia liliondolewa wakaonyeshwa tuzo ya kijiji, wakazungusha mkono wake mara moja mbili wakasifu. Sindano ikavunjika, sanduku la mbao likatafunwa na panya. Kundi la maigizo lilikutana mara mbili tu bila yeye, na mwalimu akahamishiwa Ilemba, huko chini bondeni. Watoto wakaendelea kumwita Mama Ghala akipita, bila ubaya, kwa mapenzi, na yeye aliitika. Alilala katika lile jiko mpaka binti yake alipoolewa na kumchukua. Hakuimba tena, hata kanisani. Nilikuwa nakaa nyuma yake kwenye benchi na kuona mabega yake yametulia wakati wenzake wote wanavuta pumzi.

Miaka michache iliyopita nilimtembelea kwa binti yake mjini, Sumbawanga, nikiwa na vitenge viwili na sukari. Nimestaafu, nina wajukuu, na nilikuwa nimeirudia hotuba yangu njia nzima. Macho yake yalikuwa yamepungua nuru. Nilimwamkia, nikamtajia jina langu, nikaanza kusema juu ya siku ile ya mkutano, nikashindwa kumaliza. Alivipapasa vile vitenge kwa vidole kama anayetafuta upindo. Kisha akasema, “Ulivuta pumzi vizuri siku ile. Sauti haikutetemeka hata kidogo.” Binti yake akaleta chai, tukanywa, nikaaga. Angenitukana ningelala vizuri.

Alifariki kipupwe kilichopita. Katika kundi letu la simu la wazaliwa wa kijiji, watu ambao hawajawahi kumpelekea hata kiberiti waliandika maombolezo marefu. Waliandika kwamba alikuwa nyota yetu, kwamba alituletea tuzo ya mkoa, kwamba siku zile tulikuwa tunapendana na kugawana kila kitu. Siku hizi kila mtu na lwake, wakaandika. Wanaoandika hivyo wana nyumba za bati la rangi na mashine za kusaga, na wakiguswa kipande cha kiwanja wanakwenda mahakamani. Mimi pia ni mmoja wao. Hakuna yeyote kati yetu aliyetoa kitu chochote katika ule ugawanaji. Aliyetoa alikuwa yeye peke yake.

Walikuja wengi kuzika. Wengine walitoka Mbeya na Kaoze, na mtu mmoja alikuwa ameikomboa ile cherehani kutoka stoo ya ofisi, kutu tupu, wakaiweka mbele ya jeneza pamoja na maua ya plastiki. Mchana, baada ya wasifu kusomwa, mtu akasema itakuwa vizuri tumuage kwa wimbo wake. Wakanitafuta kwa macho. Binti yake alikuwa amesimama upande wa pili wa jeneza, amefunga kanga tumboni, na alinitazama moja kwa moja, mikono yake iko kiunoni. Sijui kama alikusudia au ni uchovu wa siku tatu za msiba. Nilibana midomo mpaka meno yakauma.

Hawakunihitaji. Mwanamke wa nyuma yangu alianza, wengine wakadaka, na watu wote, wakitabasamu na kulia, wakamwimbia maiti: Toa, mama, toa.